Faida na madhara ya kubadilisha kompyuta ya injini ya gari

GARI lililoundwa kuanzia miaka ya 1990 haliendeshwi na dereva peke yake. Chini ya dashibodi, au kando ya injini, kuna kijisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu ambacho huamua ni kiasi gani cha petroli kiingie katika kila silinda, cheche ya plagi iwake wakati gani, na turbo isukume hewa kwa nguvu zipi.

Kijisanduku hicho ndicho kompyuta ya injini, inayojulikana na mafundi kwa herufi tatu: ECU.

Katika gereji nyingi za Nairobi, Mombasa na Eldoret, wamiliki wa magari, hasa vijana wenye magari ya turbo kutoka Japan, huwalipa mafundi ili waandike upya maagizo yaliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Shughuli hiyo huitwa kutyuni. Wanachotafuta wengi wao ni nguvu zaidi, mwendo wa kasi zaidi, au mafuta kupungua matumizi.

Wapo waliopata walichokitaka na wakaridhika. Wapo pia ambao magari yao yalirejeshwa gerejini yakiwa yamekokotwa, injini imepasuka pistoni, na gharama ya ukarabati ikakaribia bei ya kununua injini nyingine. Tofauti baina ya makundi hayo mawili mara nyingi haitokani na bahati, bali na ufahamu wa kile kilichobadilishwa.

Ilikotoka

Zamani, kazi ya kuchanganya hewa na petroli ilifanywa na kabureta, na fundi aliyetaka kuirekebisha alihitaji bisibisi na sikio zuri. Mwaka wa 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli, uliofungwa katika magari ya Volkswagen. Mnamo 1979, kampuni hiyo hiyo ilizindua mfumo wa Motronic katika BMW 732i, ambapo kompyuta moja ilisimamia mafuta na cheche kwa pamoja.

Katika miaka iliyofuata, maagizo ya kompyuta yalihifadhiwa ndani ya chipu. Aliyetaka kuyabadilisha alilazimika kufungua kijisanduku, kung'oa chipu ya kiwandani na kupachika nyingine. Ndiyo sababu hadi leo kuna wanaosema gari "limetiwa chipu".

Mambo yalibadilika Marekani ilipolazimisha kila gari dogo jipya kuanzia mwaka wa 1996 liwe na tundu la pamoja la kuchunguzia hitilafu, lililo karibu na miguu ya dereva. Bara Ulaya lilifuata kwa magari ya petroli mwaka wa 2001. Tundu hilo lilikusudiwa kumsaidia fundi kujua kwa nini taa ya injini imewaka. Hata hivyo, ndilo pia lililogeuka mlango wa kuingilia. Siku hizi fundi huunganisha kipakatalishi, akasoma programu ya kiwandani, akaibadilisha na kuirejesha bila kufungua msumari hata mmoja.

Kinachobadilishwa

Ndani ya kompyuta kuna majedwali mengi ambayo mafundi huyaita ramani. Jedwali moja huonyesha kasi ya mzunguko wa injini upande mmoja na uzito wa kazi inayofanya upande wa pili. Pale mistari inapokutana pana tarakimu, na tarakimu hiyo ndiyo amri. Kwa mfano, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku ikipanda mlima, kompyuta husoma tarakimu iliyo hapo na kujua cheche iwake mapema kiasi gani.

Ili petroli iungue yote bila kubaki, huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Injini ya turbo inapokanyagwa sana, kompyuta huongeza petroli kupita uwiano huo kwa makusudi, kwa sababu petroli ya ziada husaidia kupoza silinda. Fundi anayepunguza petroli hiyo ili gari lipate nguvu au "lile kidogo" huwa anaondoa kinga hiyo.

Ramani ya kiwandani haiandikwi ili kupata nguvu zote zinazowezekana. Mtengenezaji hajui gari litauzwa kwa nani, litatiwa mafuta gani, wala kama litabadilishwa oili kwa wakati. Kwa hiyo huacha nafasi ya usalama. Aidha hulazimika kutii sheria za moshi, na wakati mwingine huizuia injini kwa sababu za kibiashara.

Mfano mzuri ni Japan. Kuanzia 1989 hadi 2004, watengenezaji wa nchi hiyo walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvufarasi 280, na magari yao ya kuuzwa nyumbani yaliwekewa kikomo cha kilomita 180 kwa saa. Magari mengi ya aina hiyo yaliishia kununuliwa yakiwa yametumika na kuletwa Kenya.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba si kila tofauti ya nguvu hutokana na programu. Injini ya dizeli ya BMW ya lita mbili, iitwayo N47, iliuzwa ikiwa na nguvufarasi 143 katika gari la 318d na 177 katika 320d. Mtu anaweza kudhani kwamba kilichobadilika ni tarakimu tu. Lakini katika injini za namna hiyo, turbo, nozeli na sehemu nyingine pia zaweza kutofautiana, na anayelazimisha ile dogo kufanya kazi ya ile kubwa huwa anaibebesha mzigo usio wake.

Faida zake

Faida iliyo wazi zaidi ni nguvu. Injini ya turbo, iwe ya petroli au dizeli, kwa kawaida yaweza kuongezeka nguvu kwa asilimia 15 hadi 30 kwa kubadilisha programu pekee. Injini isiyo na turbo hufaidika kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 10, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuiongezea hewa. Mwenye gari dogo la kawaida la lita 1.5 anayeahidiwa maajabu yafaa ajiulize maajabu hayo yatatoka wapi.

Pili ni wepesi wa kuitikia. Dereva anayepanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru akiwa nyuma ya msururu wa malori huhitaji nguvu katika mizunguko ya chini, si kasi ya juu. Ramani iliyoandikwa vyema huipa injini nguvu hizo mapema, na dereva akapita lori kwa muda mfupi zaidi akiwa upande usio wake wa barabara.

Tatu, kuna hali ambapo kubadilisha kompyuta ni lazima wala si anasa. Aliyefunga turbo kubwa zaidi, nozeli tofauti au bomba pana la ekzosi amebadilisha kiasi cha hewa na mafuta, ilhali kompyuta bado inasoma tarakimu za zamani. Gari la namna hiyo lisipoandikiwa ramani mpya litaharibika.

Nne, na hii husahaulika, kompyuta yaweza kurekebishwa kwa kushushwa. Gari lililoandikiwa ramani ya petroli ya kiwango cha juu ya Japan laweza kuandikiwa nyingine yenye tahadhari zaidi, inayolingana na petroli inayopatikana hapa. Mwenye gari hapati nguvu za kujivunia, bali anapata injini itakayodumu.

Kuhusu mafuta, ukweli una pande mbili. Gari la dizeli linalosafiri mwendo ule ule kwa masafa marefu laweza kutumia mafuta kidogo zaidi, mradi dereva asizitumie zile nguvu mpya. Wengi huzitumia. Ama vile vifaa vidogo vinavyochomekwa katika tundu la gari kwa ahadi ya kuokoa mafuta, Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) limewahi kuchunguza zaidi ya vifaa 100 vya kudaiwa kupunguza matumizi ya petroli, na vilivyosaidia vilikuwa vichache sana, tena kwa kiasi kidogo.

Injini kugonga

Adui mkubwa wa injini iliyoongezwa nguvu ni kugonga. Kwa kawaida, petroli huwashwa na cheche na moto ukasambaa kwa utaratibu. Joto na msukumo vikizidi, sehemu ya petroli hulipuka yenyewe kabla ya moto kuifikia. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo.

Kugonga kidogo kwa muda mfupi, kompyuta hukutambua kwa kihisi chake na kuichelewesha cheche. Kugonga kukubwa kunaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi katika sekunde chache. Injini za Subaru za EJ25 zenye turbo, zinazopendwa sana nchini, zinajulikana kwa udhaifu wa sehemu hiyo hiyo. Mwenye gari huanza kwa kuona moshi wa samawati na oili ikipungua, na kufikia hapo madhara huwa yametendeka.

Kinachozuia kugonga ni ubora wa petroli unaopimwa kwa oktani. Nchini Japan, viwango vinataka petroli ya daraja la juu iwe na oktani isiyopungua 96, na magari mengi ya turbo ya nchi hiyo yaliandikiwa ramani kwa kutegemea petroli hiyo. Anayechukua ramani iliyoandikwa Japan au Ulaya akaitia katika gari linalojazwa mafuta ya kituo chochote njiani, anacheza pata potea.

Kuna pia uovu wa kuchanganya mafuta. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na yakitiwa ndani ya petroli hushusha ubora wake. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea walanguzi faida. Gari la kawaida laweza kuvumilia petroli mbovu mara moja. Gari ambalo nafasi yake ya usalama imeshatumiwa na fundi halina pa kukimbilia.

Nairobi si Mombasa

Jambo jingine ambalo wenye magari wa Kenya wanapaswa kulizingatia ni mwinuko wa nchi. Mombasa iko usawa wa bahari, ambapo msukumo wa hewa ni takriban kilopaskali 101. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na msukumo ni takriban kilopaskali 83. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa takriban asilimia 18.

Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho, na hakuna programu inayoweza kuirudishia hewa isiyokuwapo. Injini ya turbo hujitahidi kufidia kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi.

Tuseme kompyuta imeamriwa kufikisha kilopaskali 200 ndani ya injini. Mombasa, turbo hulazimika kuikandamiza hewa mara mbili tu. Nairobi, hulazimika kuikandamiza mara 2.4. Fundi akiongeza amri hiyo hadi 230, Mombasa itakuwa takriban mara 2.3 lakini Nairobi karibu mara 2.8. Ramani ambayo turbo iliibeba bila taabu pwani yaweza kuizungusha kupita kiasi nyanda za juu, ikachemka na kufa.

Hatari ya upande wa pili ni kwa magari ambayo msukumo wa turbo hushikiliwa na springi pekee. Springi hupima tofauti na hewa ya nje. Ikiruhusu kilopaskali 100 za ziada, gari litapata 183 likiwa Nairobi na 201 likiwa Mombasa, yaani takriban sehemu moja zaidi kwa kila kumi. Fundi aliyeivuta ramani hadi ukingoni akiwa Nairobi, asubuhi ya baridi, hajaona gari hilo litafanya nini mchana wa joto la Voi, likiwa limejaa abiria na mizigo ya sikukuu ya Desemba.

Sehemu nyingine za gari

Nguvu zikiongezwa hazibaki ndani ya injini. Hupitia klachi, giaboksi na ekseli, ambazo ziliundwa kwa kipimo cha kiwandani. Giaboksi ya otomatiki iliyotembea kilomita laki moja na zaidi kabla ya kuletwa nchini yaweza kuanza kuteleza majuma machache baada ya injini kuongezwa nguvu.

Breki na magurudumu pia hayabadiliki kwa sababu kompyuta imebadilika. Kila tairi lina herufi inayoonyesha kasi linayoweza kustahimili: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Mafundi wengi huondoa kile kikomo cha 180 bila hata kuangalia tairi limeandikwa herufi gani. Vyovyote vile, sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kuzidi kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, kwa hiyo kuondoa kikomo hicho hakuna manufaa halali nje ya uwanja wa mashindano.

Moshi na afya

Kuna mabadiliko ambayo hayamuumizi mwenye gari bali majirani zake. Chujio la masizi la gari la dizeli likiziba, badala ya kulisafisha, baadhi ya mafundi hulikata na kuiamuru kompyuta isilitafute. Vivyo hivyo hufanyiwa kifaa cha kusafisha moshi kilichomo katika ekzosi ya gari la petroli, ambacho hung'olewa na kuuzwa kwa sababu ya madini yake ya thamani.

Mwaka wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Nchini Kenya, Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 zinaweka mipaka ya moshi wa magari.

Nguvu za programu katika jambo hili zilidhihirika Septemba 2015, serikali ya Marekani ilipofichua kwamba Volkswagen ilitia ndani ya magari ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi kwa muda huo tu. Barabarani, baadhi ya magari hayo yalitoa gesi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Takriban magari milioni 11 duniani yalihusika. Mistari michache ya programu iliigharimu kampuni hiyo mabilioni ya dola.

Bima na sheria

Mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu. Mwenye gari hutakiwa kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni ya bima, na kuongeza nguvu za injini ni mojawapo. Asiyesema yaweza kumgharimu siku ya ajali, mkaguzi wa kampuni atakapogundua kwamba gari lililokatiwa bima silo lililogongana.

Kwa magari ya abiria hali ni nzito zaidi. Tangu sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu hutakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kuandika upya programu ili kukikwepa ni kosa la jinai, na pia ni kuhatarisha maisha ya watu ambao hawakuulizwa.

Ama gari jipya, dhamana ya mtengenezaji huwa hatarini. Kompyuta nyingi za kisasa huhesabu ni mara ngapi zimeandikwa upya, na kurudisha programu ya awali hakufuti hesabu hiyo.

Ya kufanya kabla ya kuamua

Kwanza, gari lipimwe afya. Mgandamizo wa kila silinda, plagi, pampu ya petroli, rejeta na turbo vikaguliwe. Injini inayovuja oili au kuchemka haifai kuongezwa nguvu, inafaa kutengenezwa.

Pili, fundi aulizwe atapimaje kazi yake. Kazi ya kuaminika hufanywa kwa dainamomita, mtambo unaopima nguvu za gari likiwa limefungwa mahali pamoja, pamoja na kipimo cha uwiano wa hewa na petroli na cha kusikiliza kugonga. Mwenye gari apewe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi anayetia ramani ya mtu mwingine aliyoitoa katika intaneti na kuondoka baada ya dakika kumi hajatyuni gari, amenakili tu.

Tatu, programu ya kiwandani ihifadhiwe na nakala yake akabidhiwe mwenyewe. Umeme ukikatika au betri ikilegea katikati ya kuandika, kompyuta yaweza kufa papo hapo, na bila nakala hiyo gari haliwaki.

Nne, ramani ilingane na petroli atakayoipata mwenye gari siku zote, na njia anazosafiri, kuanzia Eldoret hadi pwani. Tano, oili ibadilishwe mapema kuliko zamani, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Mwenye gari la turbo lililotunzwa, aliyempata fundi mwenye vipimo na akakubali kuacha sehemu ya nguvu hizo kama akiba, anaweza kufurahia gari lake kwa miaka. Mwenye gari lisilo na turbo, au lililokwisha kuchoka, atafaidika zaidi akizitumia fedha hizo kununua magurudumu mapya na kubadilisha breki. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na nafasi ya usalama iliyoachwa na kiwanda ndio ukingo wenyewe.